Asajile, Kaburi Lako la Isongole

Mwaka umekamilika, mdogo wetu Asajile, tangu mkeo, shemeji yetu Enesi, alipotupigia simu kutoka Ndola akasema hukuamka. Homa ilikushika mwanzoni mwa wiki, ukasema ni uchovu wa safari. Wengi hapa Tunduma na kule Isongole bado wanaulizia habari zako, na tangu siku ile yametokea mengine ambayo hatujapata nafasi ya kukuambia.

Wenye malori wanakukumbuka. Ulikuwa mshona maturubai, kazi uliyojifunza kwa kutazama tu kwenye foleni ya malori pale Mpemba, ukiwa juu ya mzigo na sindano yako kubwa na uzi uliopakwa nta. Hukupenda mshono wa haraka. Dereva akikuhimiza, ulimwambia ashuke akanywe chai, maana mvua ya Kongo itamngoja.

Ndivyo safari ilivyokuchukua. Siku moja foleni ilitembea kabla hujamaliza kushona. Uliona aibu kuacha kazi nusu, ukavuka mpaka ukiwa juu ya lori. Dada Gwantwa alikuwa ameshakupakulia chakula. Ulirudi baada ya miezi, umenenepa, unaongea Kibemba, ukamuuliza chakula chako kiko wapi. Alikurushia mwiko, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Tulidhani ungetosheka. Lakini kila uliporudi, nguo zako zilibaki kwenye begi, hata Gwantwa alipokuachia kabati zima. Ukishakaa wiki mbili, jioni ulikuwa unakwenda kusimama barabarani, unasoma namba za malori na kutaja yanakotoka. Mama hakukulaumu. Alisema wapo watu walioumbwa hivyo. Alikuomba jambo moja tu, kwamba popote utakapoishi, uje ulale Isongole, kando ya kaburi la baba. Ulimwitikia mbele yetu sote.

Huko Ndola ulioa, ukapata mtoto, na nyumba yako ikawa kituo cha vijana wa kwetu waliokwama njiani. Enesi anasema hakuna aliyepita bila kula. Wengine walikuja msibani na hatukuwajua. Walituambia uliwatafutia kazi, au uliwauguza, na mmoja alikuwa amevaa koti lako.

Wenzako wa Ndola walikupatia jeneza na gari la kukuleta nyumbani. Enesi alisafiri nyuma, pembeni yako, amempakata mwanao Clever.

Hapo ndipo tulipokwama kama watu wa Tunduma. Sisi tunavuka kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kununua sukari na kurudi kabla chai haijapoa. Wewe mwenyewe ulivuka hivyo maisha yako yote, hukuwahi kuwa na pasipoti. Hakuna aliyewaza kwamba maiti haivuki kwa mazoea. Baba mdogo Alinanuswe, aliposikia kwenye simu kwamba mmefika mpakani, aliwaita vijana wa Isongole wakachimba kaburi siku hiyo hiyo. Kwake, kufika mpakani kulikuwa sawa na kufika nyumbani.

Ulizuiwa Nakonde. Hapakuwa na karatasi inayoonyesha kwamba wewe ni Mtanzania, na bila hiyo kibali cha kuupitisha mwili hakikuweza kutoka. Maofisa walituhurumia, walifanya walichoweza. Jua lilikuwa lile la Oktoba. Kaka Ezron alivuka akakaa nawe pale. Kijana mmoja mbeba mizigo alisema, "Alipokuwa anapiga kelele alipita kila siku. Leo amenyamaza ndiyo anaulizwa kwao wapi." Watu walicheka kidogo, hata Enesi. Kijana huyo alijitolea kukupitisha kwa njia za vichochoroni. Ezron alikataa. Hakutaka uingie kwenu kama magendo.

Siku ya tatu harufu ilianza. Enesi alisema polepole, "Shemeji, mume wangu anaharibika."

Ezron alimpigia mama. Mama alikuwa ameketi kando ya kaburi lililochimbwa Isongole. Aliuliza kama ni kweli, akaambiwa ni kweli. Kisha akasema, "Mzikeni huko huko. Msimwozeshe mwanangu kwa ajili yangu."

Tulikuzika Nakonde jioni ile. Mchungaji aliongoza kwa Kibemba, lakini nyimbo zilikuwa zile zile.

Huku Isongole kaburi lilibaki wazi. Baba mdogo alitaka mgomba uvikwe shuka na kufukiwa humo, kama wazee wetu walivyofanya kwa waliopotelea mbali. Alihofia shimo likibaki tupu litadai mtu mwingine. Mama alisimama ukingoni akasema, "Sikuzaa mgomba."

Hakuna aliyebishana naye. Aliamini karatasi zikipatikana utaletwa. Ezron alizifuatilia, akaambiwa inawezekana ila itachukua muda. Mama alilifunika kaburi kwa mabati na mawe. Mvua zilipoanza, alichimba mifereji kulizunguka ili maji yasiingie, akawa anatoka kuizibua kila inapoziba, huku analowa. Tulimsihi aje Mpemba akae nasi. Alisema hawezi, usije ukafika ukakuta pamefungwa.

Mwezi wa tatu kifua kilimbana. Gwantwa alimuuguza. Maneno yake ya mwisho tuliyoyaelewa yalikuwa haya: "Msichimbe lingine."

Tulitii. Mama yumo humo, Asajile, kando ya baba. Kaburi lilikuwa limepimwa kwa urefu wako, na yeye alikuwa mdogo. Vijana walilazimika kujaza udongo mwingi upande wa miguu. Wapo wanaosema kaburi lile lilimwita. Wapo wanaosema ni baridi na maji ya mvua. Hatumbishii mtu.

Mwezi uliopita karatasi zako zilitoka, zote, zikiwa zimekamilika. Tulikaa kikao, Enesi akiwa kwenye simu. Yeye alisema tuamue sisi. Baba mdogo alisema kando ya baba hapana nafasi tena, na aliyeililia nafasi hiyo ndiye aliyelala humo. Tumeamua tusikufukue. Ahadi uliyompa mama haikutimia, na sisi hatukuweza kukutimizia.

Jumamosi hii baada ya ibada ya asubuhi tutavuka wote kuja kukuwekea msalaba wa saruji. Ndugu na marafiki mnakaribishwa.

Unakumbukwa na mkeo Enesi na mwanao Clever wa Ndola. Kaka yako Ezron na dada yako Gwantwa wa Mpemba. Baba mdogo Alinanuswe na ukoo mzima wa Kibona, Isongole. Na washona maturubai wenzako wa Tunduma.

Tutakukumbuka siku zetu zote, Asajile. Usihangaike tena kurudi.