Damu Niliyokupa

Mwanangu wa kwanza,

Rehema za Mwenyezi Mungu zikufikie huko ulikojificha. Mama yako ni mzima, na paa la jikoni tumeliziba. Mkeo bado anakunywa uji kwa mrija, kwa kuwa taya ulilolivunja limefungwa waya. Jana kaka zake walikuja na marungu. "Mzee, kaa kando," wakaniambia, "tunamtaka shemeji tu, tumsalimie." Niliwarudisha, lakini sijui nitawazuia hadi lini.

Ulimpiga ukidai kwamba mtoto aliyezaliwa na kasoro hawezi kuwa wako, bali ni wa mwanamume mwingine. Basi hospitali ilichukua damu ya mtoto na kuzitazama kromosomu zake, ambazo ndizo zinazobeba urithi wa kila mwanadamu. Mbili zilikuwa zimeshikana, na hapo ndipo kasoro yake ilipotoka. Wakampima mkeo, na zake zote zikaonekana salama. Ndipo nami, kwa kuwa wewe hukuwepo kupimwa, nikakunja mkono wa shati, nikatolewa damu.

Daktari akaniita. "Mzee, hali hii ya kromosomu kushikana umeibeba wewe maisha yako yote bila kuumwa. Mwanao kairithi kwako, na mjukuu kairithi kwake."

Mkeo alisikia. Akasema kwa shida kupitia meno yaliyofungwa, "Baba, si nilimwambia ni wake? Akanijibu kwa ngumi."

Mtoto ni wako. Nenda polisi ukajisalimishe kabla mashemeji zako hawajakupata. Na iwapo bado unatafuta mtu wa kumpiga kwa ajili ya damu hii, njoo unipige mimi niliyekupa, nami sitainua mkono.

Ni mimi, baba yako.