Kidevu Ulichoniletea Pichani

Kitindamimba wangu,

Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Bado nabeba zege, sasa tuko ghorofa ya tatu.

Picha yako nimeipata. Kile kidevu si chako. Wewe ulikuwa na kidevu kifupi cha marehemu mama yako, hiki kimechongoka. Shangazi yako akasema, "Kaka, acha hizo, mtoto kapendeza!" Nikamwambia kapendeza nini, na mdomo umekaa upande?

Ulisema kazi yako hapo kliniki ni kupokea wateja wanaowekewa vipande vya plastiki usoni, mashavuni na kidevuni. Biashara inakua, wanafungua tawi la pili. Sawa. Lakini shangazi yako ulimwambia wateja wanne wamerudi wanatoka usaha. Sasa watu wakiogopa, daktari anamtumia nani kuwaonyesha kwamba kitu ni salama? Nahisi anakutumia wewe.

Sikugombezi. Niambie tu, uliomba mwenyewe, au walikwambia ukikataa kazi huna?

Na huo mtandio shingoni wa nini, na wewe hupendi joto? Kuna uvimbe pembeni, nimeuona. Sisi huku plasta ya ukuta ikivimba hatuipaki rangi, tunaibandua siku hiyohiyo.

Nimeshaomba ruhusa kwa msimamizi. Jumamosi nakuja, usiniandikie nisije. Tutaenda hospitali nyingine, mimi na wewe. Kama ni kukufukuza, wakufukuze mbele yangu.

Ni mimi baba yako.