Katoto ka Tina

Jumanne, 15 Julai 2025

Tina amekufa. Naandika hivyo na bado masikio yangu yanangoja kucha zake zigonge simiti pale mlangoni.

Alianza uchungu jana jioni. Kufika asubuhi, hakuna kitu — anajikaza, anahema, ananiangalia. Chege akaomba ruhusa kazini, akamleta daktari wa mifugo kutoka Ruiru mjini. Anaitwa Khisa, mpole, ana mikono mikubwa. Wa kwanza alikuwa amekwama, matako mbele. Alitoka amekufa. Wa pili vilevile. Wa tatu Khisa alimfuta pua, akamsugua na kipande cha sweta ya shule niliyokuwa nashona, akasugua, akasugua — na kakalia! Kasauti kama mlango usiotiwa mafuta. Kasichana. Kadogo kama kiazi. Tina alikalamba mara moja tu. Halafu damu ikakataa kukoma.

Chege wangu alilia mbele ya daktari bila aibu. Nampenda mwanamume huyu! Hata miezi mitatu ya ndoa haijaisha, na bado nikisikia viatu vyake naweka makasi chini. Na ni Tina, mbwa wake, aliyetuleta pamoja — aliiba sweta kwenye meza yangu ya sokoni, Githurai 45, na Chege akaja kuirudisha imejaa matope, akiomba msamaha kana kwamba yeye ndiye mwizi.

Sasa yuko nyuma ya nyumba, anachimba. Nimemwambia: haka kamoja nitakulelea. Hakatakufa. Sijui kwa nini nimeapa hivyo. Sijawahi kulea hata kuku.

Jumatano, 16 Julai

Macho yanawaka. Kanakula, kanalala kidogo, kanalia tena.

Na nimefanya kosa. Nilikalaza mkononi kama mtoto wa mtu, mgongo chini, nikakaimbia hata! Nikakapa maziwa kwa sirinji. Yakatokea puani. Kakawa na rangi ya buluu. Nilimpigia Khisa nikipiga kelele. Akauliza, unamlisha ukiwa umemshika vipi? Nikamwambia. Akasema, "Madam, huyo ni mbwa. Alale kwa tumbo, vile angelala kwa mamake. Chali, maziwa yanaingia mapafuni."

Sasa kakipumua kuna kitu kinakwaruza ndani. Khisa amekuja na dawa. Anasema tungoje. Anasema pia nisijipe matumaini mengi, halafu akaniona uso, akasema basi nijipe kidogo.

Kavata, jirani wa mlango wa pili, anafuga broila. Amenikopesha taa yake ya vifaranga, tukaifunga juu ya katoni kanamolala. Julai hii ya kwetu Mwihoko, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Akaniangalia na nywele zangu, akacheka: "Wee bibi harusi! Keki ya harusi bado iko kwa friji na wewe umeshakuwa mama ya mbwa?"

Nilicheka pia. Halafu nikalia kidogo. Uchovu tu.

Alhamisi, 17 Julai

Kamekojoa! Lazima ukasugue tumbo na pamba yenye maji moto, la sivyo hakajui. Sikudhani katika maisha yangu nitafurahia mkojo hivi.

Maziwa ya mbuzi yanatoka kwa Rama, mwenye mbuzi kule chini. Alinijazia chupa. Nilipotaka kumwonyesha katoto aliruka nyuma, mikono juu. "Aa, dada, mdomo wa huyo usinifikie, nataka kwenda kuswali! Lakini maziwa njoo kila siku."

Chege alirudi kutoka Thika amechoka, kazi ya ghala si mchezo. Akapika ugali ukawa uji. Akaniosha miguu kwenye beseni. Mimi! Nimelala na miguu ndani ya maji.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeshona mkono wa sweta kwenye shingo. Mkono, kwenye shingo. Nimeiangalia muda mrefu nisijue kosa liko wapi.

Kamepungua. Nakasikia mkononi. Kuna dakika moja leo nilikachukia — nilitaka kanyamaze tu, kwa njia yoyote, nilale. Halafu kakapata kidole changu, kakaanza kukinyonya. Sikuwa hata na maziwa.

Chege hatoki kazini bila kupiga simu. Hasemi "mpenzi" kwanza siku hizi. Anasema, "Kapo?"

Jumamosi, 19 Julai

Kapo. Lakini kifua bado kinakwaruza.

Mami, mama yake Chege, amepiga simu kutoka Thika, akapiga, akapiga. Hatujaonana tangu harusi. Nilipochukua nikamwambia pole Mami, nilikuwa nanyonyesha.

"Unanyonyesha nini?"

"Katoto, Mami. Chege hakukwambia? Kalizaliwa Jumanne. Kalizaliwa vibaya sana, wenzake wawili walitoka wamekufa. Chege amelia, wacha tu."

Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, ni kavulana ama ni kasichana.

"Kasichana."

"Ngai! Basi ni mimi nimezaliwa!"

Akalia, akacheka, akaomba kwa Kikuyu pale pale kwenye simu. Halafu akasema, "Na mambo ya miezi mimi sihesabu. Umesikia, mke wa Chege? Atakayehesabu ahesabu peke yake." Nikasema ndiyo Mami. Mbwa wanabeba miezi miwili tu, ni nini cha kuhesabu? Lakini maji yalikuwa yanachemka, na katoto kanalia, na kichwa changu ni kama pamba. Nikakata.

Sasa hivi ndio nakumbuka sikumwambia kwamba Tina amekufa. Nitamwambia kesho. Amekuwa mwema sana. Si kila mama mkwe angelilia katoto ka mbwa.

Jumapili, 20 Julai

Stima imepotea tangu asubuhi. Taa imezimika. Chupa za maji moto, soksi za Chege, kila kitu. Kako baridi kwenye miguu. Hakalii. Afadhali kangelia. Chege amekimbia kutafuta makaa. Sikuenda kanisani. Sina

Jumatatu, 21 Julai

Jana sikumaliza hata sentensi. Wacha nijaribu, nimelala kidogo.

Nilikuwa naandika hapo nikasikia ngemi, vigelegele vya mtoto kuzaliwa, kwenye geti. Tatu. Ngemi za Wakikuyu zina hesabu yake, tano za mvulana, tatu za msichana. Nikajiuliza, nani hapa kwetu amejifungua msichana? Hata nikafurahi kwa ajili yake!

Mlango ukafunguliwa. Mami, amevaa nguo za kanisa. Nyuma yake Mama Maggie, rafiki yake wa chama cha akina mama, na mwingine simjui. Sufuria ya njahi, yale maharagwe yetu meusi, imefungwa kwa leso. Ndizi mbivu. Thamosi ya uji. Na shali nyeupe ya kufuma, mpya.

Njahi ndiyo chakula cha mwanamke aliyejifungua, irudishe maziwa. Niliiangalia hiyo sufuria. Kila kitu nilichosema kwenye simu kikaja kunipiga usoni, neno kwa neno. Nanyonyesha. Kasichana. Sihesabu miezi. Na lile gauni la harusi nililojishonea likapwaya tumboni, bila shaka alidhani linaficha mimba! Na "ni mimi nimezaliwa" — kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya bwana. Waruguru. Jina la Mami.

"Usisimame!" Mami akasema. "Aliyejifungua hasimami!"

Lakini nilikuwa nimeshasimama. Akaliangalia tumbo langu. Akaangalia katoni. Akaenda, akainua kitambaa kwa vidole viwili. Mama Maggie akachungulia juu ya bega lake, kwa muda, halafu akasema polepole:

"Mama Chege... huyu amefanana na nani?"

Kavata alikuwa amesimama mlangoni. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Maggie naye akaanza, akajipigapiga mapaja, machozi. Yule mwingine akaficha uso ndani ya leso. Hata mimi — Mungu anisamehe — kicheko kilinitoka, cha uchovu, kama kikohozi.

Mami hakucheka. Alikaa kwenye stuli ya cherehani.

"Nimetangaza kanisani," alisema. "Pasta ameniombea mbele ya watu. Nimesimama."

Halafu akaniangalia, akasema jambo ambalo nitazeeka nalo: "Na wale wawili? Nimelala nikiwalilia wale wawili."

Nilipiga magoti nikamshika miguu, nikamwambia nisamehe Mami, ni wa Tina, Tina naye amekufa. Akatoa sauti kidogo. Tina alilelewa kwake Thika kabla Chege hajahamia huku. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Chege aliingia na makaa. Akaona njahi, akaona shali, akaona mamake. Ni mwepesi kuelewa, Chege wangu. Akaweka makaa chini, akamshika bega tu.

Na hapo ndipo katoto kakatoa kile kisauti. Kimoja, cha kukwaruza. Mami akasema, "Kana baridi, hamwoni?" Akakatoa kwenye katoni. Akakalaza mkononi, chali, kama mtoto wa mtu, akachukua sirinji —

"Mami! Si hivyo!"

Nilimfokea. Mama mkwe wangu! Mama Maggie alishika mdomo. Mami akaniangalia, akaangalia katoto, akakageuza kwa tumbo.

"Basi nifundishe," akasema.

Nikamfundisha. Kalipokataa maziwa alifungua vifungo vya sweta yake, akakaweka kifuani, akafunika na ile shali nyeupe. Wale wenzake walikula ndizi, wakaondoka, tukawasikia wakicheka tangu getini mpaka barabarani. Mami alibaki. "Thika leo sirudi. Nikirudi niwaambie nini?"

Asubuhi hii Chege alipoenda kazini alichungulia ndani ya shali. Mami akamwuliza kanaitwaje. Akasema hatujakapa jina, Mami, tunangoja kwanza tuone kama kataishi. Mami alimtengeneza tu kola ya shati.

Khisa amepita. Amesikiliza kifua kwa muda mrefu. Hakijawa kibaya zaidi, hakijawa kizuri. Leo na kesho ndizo zitakazosema, anasema. Joto lisipungue. Kakikubali kunyonya, basi. Kakikataa...

Mami amenipakulia njahi, sahani imejaa. Nikasema lakini Mami, mimi si — akanikata. "Kula. Kwani si wewe unanyonyesha?" Sijui kama ni mzaha. Uso wake haukusema. Nimekula yote. Nimelala mpaka jua limeingia dirishani, na sikuota kitu. Nguo zangu zina harufu ya maziwa ya mbuzi. Sweta yenye mkono shingoni bado iko kwenye cherehani. Stima imerudi lakini Mami hataki kukarudisha kwenye katoni. Anatembea nako jikoni, polepole, akinung'unika wimbo.

Sasa ameacha kuimba. Hakuna sauti. Naogopa kwenda kuangalia.

Ananiita.

"Waithira! Lete maziwa, haraka! Waruguru amefungua mdomo!"