Mtoto wa Sita wa Jumamosi

Nyumba za Wafanyakazi wa Chuo,
Garissa.
24 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Sista Kananu,

Pokea salamu tele kutoka kwa bibi arusi wako wa Desemba, ambaye miguu yake bado haijagusa ardhi kwa furaha. Hujambo? Goti lako linaendeleaje na baridi ya Songea? Na ile bustani ya utawani, sukuma wiki imeshika? Sisi huku baridi tunaisikia redioni tu. Jua la Garissa huchomoza likiwa limeshakasirika. Hata hivyo tu wazima, mimi na Silas wangu, kwa neema ya Mungu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu najua utawani simu si ya kila mtu, na kwa sababu nina jambo nisiloweza kumwambia mama. Atapanda basi siku hiyo hiyo aje kunichukua.

Lakini kwanza Silas! Shangazi, huyu mwanamume hunichemshia chai kila asubuhi. Ofisi yake iko hatua mia mbili tu kutoka mlangoni kwetu, na bado hugeuka mara mbili njiani kunipungia mkono. Mimi humpungia kwa mwiko. Mzee Kadar, askari wa lango, hutucheka mpaka kofia inamwanguka.

Chuo chenyewe ni kidogo, cha watu binafsi, na wanafunzi hawafiki mia tatu. Silas ndiye mshauri wao. Aliyekosa kitanda, anayeumwa, anayelia kwa kukumbuka kwao, wote hubisha mlango wake. Ana mpango mmoja ninaoupenda sana: kila nyumba ya mfanyakazi hupewa wanafunzi wapya, wawe watoto wa nyumba hiyo muhula mzima. Basi mimi niliyeishia kidato cha nne nikapewa mabinti wa chuo kikuu! Karatasi ya majina yao nikaibandika ukutani jikoni.

Huja Jumamosi adhuhuri. Tunakaa mkekani na kula sinia moja, wali na nyama ya mbuzi, kama wanavyokula kwao. Ilwad wa Balambala ndiye mwenye mdomo. Siku ya kwanza aliniambia, "Mama mdogo, wallahi wali huu ulivyoshikana ungetosha kujenga daraja la Tana." Wote wakacheka isipokuwa Saado.

Saado anatoka Kutulo. Kwao hakuna msichana mwingine aliyewahi kufika chuo, na Januari yote begi lake lilikuwa limefungwa, tayari kurudi. Silas aliniambia, "Huyu akirudi, wadogo zake hawataruhusiwa kutoka." Basi huyo nikamshika moyoni kuliko wote.

Na kulikuwa na Fartun. Huyo alikaa mlangoni, pale mkeka unapoishia, kando ya Saado. Mpole, mwenye mtandio wa kijani. Mkono wake uliingia siniani pamoja na wenzake, lakini wali wa mbele yake haukupungua. Nikadhani ni haya. Halafu nzi wa adhuhuri, Shangazi, huku hawana adabu, hutua mpaka kwenye kope. Kwake hawakutua hata siku moja. Nikamwonea wivu tu.

Alinisemesha wakati wa kunawa mikono, na neno lake lilikuwa la Saado siku zote. "Mama, Saado hajala tangu Alhamisi." Au, "Mama, Saado ameulizia basi la Mandera." Mimi humwambia Silas, Silas humwita Saado wakazungumza, nami humpelekea chakula hosteli. Kila mara habari ilikuwa kweli. Silas akanisifu kuwa nina jicho la mama, nami sikumtaja Fartun. Kichwa kikanivimba.

Mwezi huu Silas akanipa fomu ya kueleza hali za watoto wangu. Nikajaza kwa mbwembwe, na Fartun nikamwandikia mistari mingi kuliko wote. Silas akaisoma akinywa chai.

"Gatwiri, huyu Fartun ulimwona wapi?"

"Si hapa kwetu, kila Jumamosi."

Akaweka kikombe chini. Fartun alikuwa binti wa ami yake Saado. Waliitwa chuoni pamoja, wakapangiwa chumba kimoja. Alikufa kwa homa huko Mandera siku nne kabla ya chuo kufunguliwa. Baba yake alimpigia Silas simu siku ile ile tuliyorudi kutoka fungate, naye kwa furaha yetu akasahau kulikata jina kwenye karatasi yangu.

"Wako watano," akasema. "Kwani hukuwahesabu?"

Shangazi, sikuwahesabu. Wewe ndiwe uliyenichapa kiganja nilipowanyooshea kidole watoto wa dada nikisema moja, mbili. Ukaniambia watu wakihesabiwa, mmoja hupotea. Sijahesabu watu tangu siku hiyo. Hata Ilwad niliwahi kumsimulia, akanijibu, "Sisi hata ngamia hatuhesabu, mama. Tunaangalia nani hayupo." Nami kila nilipoangalia, sikuona pengo.

Jumamosi ya tarehe kumi na tano Silas alibaki nyumbani, akasimama mlango wa jikoni. Mabinti wakaketi. Fartun alikuwepo. Nikajikaza nikasema, kama mzaha, "Ilwad, mpishe Fartun kidogo."

"Nani, mama?" Akatazama mlangoni, akanitazama mimi, na kicheko kikamfia usoni. Wengine nao wakaacha kutafuna. Ila Saado hakushangaa. Alisogeza goti lake, kama alivyofanya kila Jumamosi, ili aliye kando yake akae vizuri. Ndipo nilipotambua kwamba hakuwahi kukaa nasi. Mgongo wake ulikuwa kwa wenzake, uso mlangoni.

"Hesabu, mpenzi," Silas akasema polepole. Yeye alikuwa akinitazama mimi tu, maana pale mlangoni hakuona kitu.

Sikumwogopa Fartun. Nilikiogopa kidole changu. Nikihesabu, Saado atabaki peke yake na begi lake. Nisipohesabu, ataendelea kuketi na marehemu mpaka afanane naye.

Fartun akainua uso. "Hesabu, mama," akasema. "Leo Saado amekula."

Nikanyoosha kidole. Ilwad, moja. Anab, mbili. Wale wawili wa Wajir, tatu, nne. Saado, tano. Nikaishia hapo.

Fartun akasimama, akaweka sawa mtandio wake. Nikaona siwezi kumwacha atoke hivyo, kwa kuwa mgeni hasukumwi nje. Nikavaa ndara zangu, nikamsindikiza. Jua lilikuwa la utosi, hosteli kimya, maktaba kimya, hata mbuzi wa jirani wamejificha. Sikugeuka kumtazama. Mzee Kadar akafungua lango, akangoja kidogo, akalifunga. Mimi nilikuwa bado ndani.

"Umemfungulia nani, mzee?"

"Mama, si ulikuwa unasindikiza mgeni?"

Niliporudi, Saado alikuwa akilia kwa sauti, kichwa mapajani kwa Anab. Hakuna aliyewahi kumsikia akilia. Jioni alimwambia Silas kwamba habari za kifo alikuwa nazo tangu mwanzo. Ila hakuwa na moyo wa kumwambia Fartun aende.

Shangazi, nilivunja ulilonifundisha. Sijui kama nilimfukuza yule mtoto au nilimsindikiza njia njema. Mtaje katika sala zako, dini yake Mungu anaijua.

Juzi Jumamosi nilipika tena. Saado alifika wa kwanza. Alikwenda kuketi pale pale mlangoni, mahali pa Fartun, lakini safari hii uso wake ukiwa kwetu. Ilwad akamsogezea sinia. Akala.

Ramadhani inaingia wiki hii, kwa hiyo sasa watakuja kufuturu. Silas anakusalimu, anasema ana deni la kukuona. Nisalimie Sista Mkuu, na ukimwandikia mjomba Gichuki mwambie ndoa yangu ni tamu. Mungu akulinde goti na roho, akupe usingizi usio na hofu.

Wako akupendaye na anayelingoja karipio lako,
Gatwiri wa Silas