Hukuketi Kitini Mpaka Mwalimu Wako Aletwe

Umetimia mwaka, Shangazi Khin Htwe Yi, tangu asubuhi ile ya Jumanne, tarehe 14 Januari 2014, saa kumi na mbili na nusu, ukungu ukiwa umeufunika mji wa Pyin Oo Lwin na misonobari ikidondosha umande juu ya bati, ulipotutoka. Ulikuwa umekwisha kunawa na kupaka mashavuni thanaka, ule urembo wetu wa gome la mti. Hukupata kuonekana na mtu ukiwa hujajitayarisha, na mauti nayo hayakukukuta hivyo.

Ulifundisha jiografia katika shule ile ile ya bweni iliyokulea, kisha ukaiongoza. Ulikula wa mwisho, baada ya kuhakikisha kwamba hata mtoto aliyechelewa uwanjani amepata wali na mchuzi wake. Hukumkaripia mtoto kwa kifungo kilichokatika shatini. Ulitoa sindano, ukampa mwenyewe ashone mbele yako, na akishona vibaya ulifumua.

Mimi, mtoto wa kaka yako, nilifika getini nikakuita Shangazi. Ukanijibu, "Shangazi yako yuko nyumbani, utamkuta likizo. Hapa kuna Mwalimu." Likizo ilipofika, kweli nilimkuta: akinipikia supu ya tambi na samaki, akicheka hadi machozi. Sisi tuliopita mikononi mwako hatuoni haya kusema kwamba tulilelewa vizuri kuliko wengi.

Lakini kisa tunachopenda kukisimulia ni cha Desemba yako ya mwisho, siku ambayo wanafunzi wa zamani huwapigia magoti walimu wao, kuomba radhi na kupewa baraka. Daktari alikuwa amekwisha kutuambia hali yako, nawe ulikuwa umekwisha kumlazimisha akuambie. Watu walitoka Yangon, wengine ng'ambo, wapate baraka zako kwa mara ya mwisho.

Uliingia ukumbini, ukavitazama viti vya walimu jukwaani, kisha ukaenda kuketi mkekani, safu ya nyuma kabisa, katikati ya wanafunzi wako.

Mwenyekiti wa kamati, Zaw Htut, akaja mbio. "Mwalimu, kiti chako kiko juu."

"Cha Mwalimu Ohn Sein kiko wapi?"

Huyo ndiye aliyekufundisha wewe. Alikuwa haoni tena, na kumbukumbu zake zilikuwa zinakuja na kuondoka.

"Tumeona apumzike nyumbani, Mwalimu. Tutampelekea blanketi. Unajua mwaka jana alimwita mgeni rasmi mwizi wa kuku, mbele za watu."

"Kwani alikosea? Wewe ulilala bweni moja na Soe Paing. Kuku wa mpishi walikwenda wapi?"

Safu tatu zikaangua kicheko. Soe Paing mwenyewe, yule mgeni rasmi, tajiri wa mashamba ya kahawa, akainua mkono kutoka mbele: "Walikuwa wawili tu, Mwalimu! Na Zaw Htut alikula paja!"

Zaw Htut hakucheka. "Mwalimu, tafadhali. Watu wametoka mbali. Huenda mwakani..."

"Huenda mwakani nisiwepo. Sema tu, mwanangu, si siri. Basi waambie hivi: sipandi juu wakati mwalimu wangu ameachwa chini. Mkitaka baraka zangu, mleteni aliyenipa mimi. Hamtaki, nendeni salama."

Tulikujua. Tulijua kwamba ungerudi nyumbani na kufa bila kutubariki, na usingejuta. Gari la farasi likatumwa nyumbani kwake, upande wa mnara wa saa, na ukumbi mzima ukangoja, mawaziri wadogo na madaktari wamekunja miguu mkekani kama watoto wa darasa la kwanza.

Mzee akaletwa, akaketishwa. Ukapiga magoti ambayo daktari alikuwa ameyakataza, ukainamisha paji la uso mpaka chini mara tatu.

"Nani huyu?" akauliza.

"Khin Htwe, Mwalimu."

"Yule mbishi?"

"Ndiye."

"Umeacha?"

"Bado, Mwalimu."

"Usiache," akasema, akakuwekea mkono kichwani na kukuombea heri. Hapo ndipo ulipopanda, ukaketi kiti cha kando yake, ukatupokea mmoja mmoja. Hakuna aliyeondoka bila baraka.

Desemba iliyopita hukuwepo. Zaw Htut mwenyewe alimfuata mzee, alfajiri, bila kuambiwa na mtu. Mimi nikasogea mbele kwa niaba ya ukoo.

"Khin Htwe yuko wapi?" mzee akauliza.

Wengine wakaninong'oneza niseme kwamba umesafiri. Wewe hukunifundisha hivyo. "Amefariki, Mwalimu. Mimi ni mtoto wa kaka yake. Nimekuja kupiga magoti kwa ajili yake, ili deni lake kwako lilipwe."

Akasema kwa sauti iliyosikika ukumbini kote: "Khin Htwe hana deni kwangu. Silipokei. Kama una magoti, piga kwa ajili yako."

Nikapiga kwa ajili yangu.

Unakumbukwa na kaka yako U Hla Shwe na wifi yako Daw Mya Nyunt, na sisi watoto wao, Nay Lin na Thiri, uliotulea kama wa tumbo lako, na wajukuu, na wote waliopita mikononi mwako shuleni. Maadamu tuko hai, hutasahaulika.