Mifuko ya Mchanga Iliyoshikilia Hema

Mayi Naliaka,

Hapa Kitale mvua imeanza mapema leo, na wasichana wangu wamefanyia mazoezi ndani, kwenye ukumbi mpya wa shule. Ndiyo sababu nimeketi kukuandikia. Siku ile pale nyumbani Matulo, udongo juu yako ukiwa bado laini, nilikuambia nitakuja kusema nawe nikipata neno la maana la kukuambia. Sasa ninalo. Na kwa kuwa kumbi kama hizi zinajengwa kila upande siku hizi, nimeamua barua hii nisiifunge kwenye bahasha. Anayetaka kuisoma aisome.

Bado nakuita mayi, yaani mama. Ulibeba jina la mama yangu, na kwetu mtoto akibeba jina la mama yako humkaripii hivi hivi. Unamwita mama kwanza, ndipo unamkaripia. Wewe ulilijua hilo na ukalitumia vibaya. "Baba, unampigia mama yako kelele?" uliniuliza kila mara, mdomo umejaa mahindi ya kuchoma, na mimi nikaishia kucheka badala ya kukuuliza kwa nini ng'ombe hawajanyweshwa. Mama yako alikuwa akisema ninakuharibu. Siku hizi hasemi.

Unakumbuka goli letu la kwanza? Nilikata miti ya blugamu nyuma ya jikoni, nikachimba mashimo ya kufika magotini, nawe ukachuchumaa pembeni ukichungulia ndani. Nikasimamisha nguzo, nikajaza mawe, nikashindilia kwa mpini wa jembe mpaka mikono ikatoka malengelenge.

"Baba, hii itamea?"

"Haimei. Inashika."

"Inashika nini?"

"Inakushika wewe, kichwa ngumu."

Ulikuwa mfupi hata mwamba wa juu huufikii, nikawa nakuinua uuguse. Halafu siku moja uliruka mwenyewe ukaudaka kwa mikono miwili, ukaning'inia pale ukipiga mateke hewani na kumwita mama yako atoke aone. Tangu hapo ikawa desturi yako kabla ya kila mchezo. Wengine wakipasha misuli moto, wewe unaruka na kuning'inia kidogo kwenye mwamba. Nilipokuuliza kazi yake nini, ulinijibu kwamba unamsalimia mwenzako, kwa sababu kule nyuma kipa hana mtu mwingine.

Nilikuwa nimefundisha handiboli miaka mingi kabla hujazaliwa, na sijaona kipa mwenye mikono kama yako. Nalisema hili kama mwalimu, si kama baba. Sawa, kama baba pia.

Halafu shule yako ikajenga ukumbi, kule Bungoma. Ulinipigia kwa simu ya matroni ukipayuka kwa furaha. Ati sakafu inang'aa mpaka unajiona meno. Ati hakuna tena kuanguka kwenye kokoto. Nilifurahi nawe, kwa nini nisifurahi? Mimi nilikuwa huku Kitale na timu yangu, na ukumbi wenyewe sikuuona mpaka baada ya kukuzika.

Nilikwenda kuuona kwa sababu Chemutai alinieleza. Rafiki yako Chemutai, beki wako, yule wa kutoka kule juu Elgon. Siku ya matanga alinifuata nyuma ya jikoni, karibu na zile nguzo zetu, akiwa na sare ya shule na macho yamevimba. Watu wazima walikuwa wamenipa pole wiki nzima wakizungukazunguka. Mtoto yule ndiye alinyoosha maneno.

"Baba Naliaka, goli haikuwa imefungwa. Ilikuwa na mifuko ya mchanga huko nyuma. Asubuhi wakatoa."

"Nani alitoa?"

"Wale wa kupanga viti. Walisema inakaa vibaya kwa picha. Halafu upepo ikaanza kuinua hema ya wageni, wakapeleka mifuko huko."

Nilimfanya arudie. Mifuko ya mchanga iliyokuwa imekalia mguu wa nyuma wa goli ili lisipinduke ilibebwa nje kushikilia hema la wageni wa heshima. Hema likashika. Wageni wakala wali na kuku kivulini bila bughudha. Kisha wakaingia ndani kutazama wasichana wakicheza mchezo wa ufunguzi, nawe ukafanya kama kawaida yako. Uliruka ukamsalimia mwenzako. Akakuangukia.

Siandiki zaidi ya hapo. Chemutai alinieleza yote na nitayabeba mimi.

Nilipofika kule ukumbini, goli lilikuwa limetupwa nje nyuma ya vyoo. Kwenye mguu wake wa nyuma kulikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa utepe wa gundi. Nikauchana. Ndani mlikuwa na bolti za kufungia goli kwenye sakafu, zote mpya, na mafuta yake bado. Zilikuja na goli kutoka kiwandani na hakuna aliyezigusa. Nikamuuliza mtunza ukumbi kwa nini. Akasema wakubwa walikataa sakafu ile ya terazo kutobolewa, kwa sababu ukumbi utakodishwa kwa harusi, na bibi arusi hawezi kuburuta gauni juu ya matundu. Nikauliza kwa nini basi magoli hayakuwekwa stoo. Akanionyesha mlango wa stoo. Mlango wa kawaida, mayi, kama wa chumba cha kulala! Goli haliwezi kupita hapo hata ulilaze ubavu. Kwa hiyo yalikaa humo ukumbini mchana na usiku, yakisukumwa kando kila kukiwa na maombi au mkutano, na kitu cha kusukumwa kila siku nani atakifunga kwa bolti?

Ndivyo tunavyojenga sisi. Tunaanza na sakafu ya kung'aa, tunapanga siku ya mgeni, tunapaka rangi, halafu mwishoni kabisa mtu anauliza vifaa vya michezo vitasimama wapi.

Na usidhani walikuacha hivi hivi. Wako waliouliza nani alimfundisha mtoto wa kike kuning'inia kama tumbili. Mmoja aliniuliza mimi, uso kwa uso, akiwa ameshika kikombe cha chai yangu. Nilimwambia amalize chai aondoke. Makipa wote wanaugusa mwamba, wanauvuta, wanaudandia; goli lisiloweza kubeba mtoto si goli, ni mtego. Wengine wakasema ni mpango wa Mungu. Mimi ni mtu wa kanisa, unajua, lakini hapo niligoma. Mungu hakubeba ile mifuko.

Sasa hebu nikueleze ya huku.

Shule hii ninayofundisha nayo ikaamua kujenga ukumbi, wakanitia kwenye kamati. Sikuanza na ramani. Nilichora uwanja kwa chokaa pale kwenye majani, kila mstari mahali pake, nikaweka madawati kama ndiyo kuta, nikawaacha wasichana wacheze ili tuone miili inaishia wapi. Tukaona ukuta wa nyuma uko karibu mno na goli, tukasogeza. Tukapima mlango wa stoo kwa kubeba goli zima na kulipitisha. Kutoka kwenye mistari ndipo nikapata mahali pa soketi. Soketi ni bomba fupi la chuma linalozikwa kwenye konkriti. Mguu wa goli unatumbukia humo na kufungwa, na goli likitolewa unafunika kwa kifuniko kilicho sawa na sakafu. Lazima izikwe kabla slabu ya sakafu haijamwagwa, tena chini yake uchimbe zaidi ili konkriti iwe nene hapo. Ukishamwaga, basi, umechelewa.

Kwenye mkutano waliangalia mchoro wangu. Mwenyekiti wa bodi, mzee mstaafu wa serikali, mtu mpole tu, akasema, "Mwalimu, hapa ndani tutafanya harusi. Tutafanya ibada ya mazishi. Mashimo ya nini bana?"

"Ya magoli. Na nguzo za wavu."

"Si tutaweka mifuko ya mchanga?"

Mayi, nilihisi damu imenipanda mpaka masikioni. Nikawaeleza habari za mifuko. Nilieleza polepole, kama ninavyoeleza darasani, mpaka nikafika kwenye hema. Kisha mwenyekiti akavua miwani akasema, kwa upole ule ule, "Tunakuhurumia sana, Mwalimu. Lakini usituletee matanga kwenye jengo la watoto." Wakapiga kura. Soketi zikaanguka.

Siku ya kumwaga slabu nilifika asubuhi na mabomba yangu kwenye gunia. Nilikuwa nimeshayachongesha kwa welda mmoja hapa mjini. Mashine ya kuchanganya konkriti ilikuwa inanguruma, vijana wamejipanga na toroli. Nikavuka juu ya nondo mpaka pale goli la upande wa mlimani lilipopaswa kusimama, nikaketi. Na trakisuti yangu ya kijani, ile uliyokuwa unasema inanifanya nifanane na ndizi.

Barasa, fundi mkuu, akaja mbio. "Mwalimu, toka hapo! Simiti inaganda!"

"Igande. Mwaga tu."

"Ati nimwage juu yako?"

"Utakuwa umemwaga juu ya mtu mmoja, na umemwona kwa macho yako. Bila mabomba haya utamwaga juu ya mtoto ambaye bado hajafika."

Wakamwita madam mwalimu mkuu. Madam akamwita mwenyekiti. Mwenyekiti alifika amevaa viatu vya gambuti, akasimama pembeni ya nondo akinitazama, na mashine ikinguruma, na konkriti kwenye toroli ikianza kukauka juu. Nilitegemea anitukane. Ningependa anitukane. Akaniuliza tu, "Alikuwa anaitwa nani?"

Nilimtajia. Jina lako halikuwa limetoka kinywani mwangu mbele ya watu tangu mazishi. Niliposema Naliaka, nikalia pale pale juu ya nondo, mwanamume mzima, mbele ya vijana wa toroli. Barasa akazima mashine. Mwenyekiti akainua gunia mwenyewe, akashuka nalo mpaka nilipokuwa, akasema, "Haya, tuonyeshe inaenda wapi."

Tulizika mabomba yote kabla ya chakula cha mchana. Kazi ya asubuhi moja, mayi. Asubuhi moja tu!

Ungependa nikwambie kwamba nilipata amani. Sikupata. Ukumbi ulipofunguliwa nilikaa karibu na goli tangu mwanzo hadi mwisho, wala chakula cha wageni sikukila. Na kila siku kabla ya mazoezi nafungua vifuniko, nasafisha mchanga kwa vidole, nasimamisha magoli, nakaza kwa spana, halafu naruka naning'inia mwenyewe. Mifupa inalalamika. Wasichana wananicheka, ati Mwalimu anataka kurefuka uzeeni. Waache wacheke. Kule Bungoma nasikia ukumbi wako una harusi kila Jumamosi na sakafu haina tundu hata moja.

Mama yako amefunga kamba kwenye zile nguzo za Matulo, anaanikia nguo. Nilitaka kumkataza, nikaona hapana. Kaburi lako liko karibu na nguzo hizo, na nadhani anapenda kuwa na kazi ya kumpeleka upande huo. Ng'ombe wanajikuna hapo mpaka gome limeisha, na nguzo hazijainama.

Leo nina kipa mpya. Ni msichana wa kutoka huko Suam, mwembamba, mkaidi. Sijamwambia habari zako na sikumfundisha jambo hili. Kila kipa hulipata mwenyewe. Kabla mchezo haujaanza, mvua ikipiga mabati, alirudi nyuma hatua chache, akaruka, akaudaka mwamba kwa mikono miwili. Nikasimama. Filimbi ilinianguka. Alining'inia, miguu ikabembea, akaachilia, akatua, akapangusa viganja kwenye kaptura na kurudi mahali pake. Basi. Wenzake hata hawakugeuka kumtazama. Walikuwa wanabishana nani aanze na mpira.

Hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa na wewe siku ile. Kitu kidogo, kisichotazamwa na mtu, kisha mchezo uanze.

Niliokota filimbi yangu, nikaipuliza.

Lala, mayi. Inashika.

Mimi niliyekuinua uuguse mwamba,
Baba yako