Sentafowadi Asiyetajwa

Jumanne, 31 Machi 1959

Nimeitwa! Mimi, Bakari mpima vitambaa, nimeitwa kutangaza mpira! Jana, mechi ya Pasaka, nilikuwa juu ya ukuta wa Bi. Adija hapa Mtanda, Lindi. Uwanja wote unaonekana pale. Nawatangazia kina mama waliokaa uani, kama kawaida yangu. Kumbe Bwana Leonadi wa redio yuko njiani, kasimama ananisikiliza hadi filimbi ya mwisho. Kauliza nani kanifundisha. Nikasema domo langu mwenyewe.

Iddi Pili, Lindi na Kilwa, ananiletea spika na mashine ya kunasa sauti. Nikifaulu — Dar es Salaam! Hata njaa ya saumu siisikii.

Alhamisi, 2 Aprili

Mazoezi dukani. Bi. Adija kataka shiti, yadi nne. "Mkasi unaambaa kushoto, unakata ndani, unakwendaaa…!" Kacheka mpaka kakalia robota. Nami nimekata yadi tano. Tajiri kaiandika ya tano kwenye deni langu.

Jumapili, 5 Aprili

Balaa! Majina ya Kilwa yamefika. Sentafowadi wao, hatari tupu, ana jina la baba mkwe. Lilelile! Na kwa kina Ziada, mchumba wangu, mkwe hatajwi jina, hata kama mwenye jina ni mwingine. Hapa penyewe siliandiki. Pazi, aliyemposa dada yake Ziada, aliteleza ulimi mwaka juzi, posa yake ikarudishwa kabla ya magharibi. Harusi yangu na Ziada imebaki wiki tatu.

Nimemtuma Bi. Adija kwa Ziada, maana ni shangazi yake. Jibu: mwite utakavyo, mradi baba asilisikie mdomoni mwako. Na mzee kaapa kuja na kiti chake, akae chini ya spika! Nimecheka peke yangu kama mwehu. Nampenda yule binti, jamani.

Ijumaa, 10 Aprili

Iddi njema! Pilau nyumba tatu. Nimemwamkia baba mkwe, shikamoo. Marahaba, kesho nakuja kukusikiliza, mwanangu. Kumbe ameshawatangazia msikiti mzima. Maskini mimi!

Jumamosi, 11 Aprili — mapumziko

Naandika gotini, nyuma ya gari la spika. Bao moja moja. Vigelegele ni vyangu, si vya wachezaji! Yule wa Kilwa nimemwita Bwana Miguu, Mgeni Wetu, Balaa la Kusini. Kafunga, nikapiga kelele "Kafunga mwenyewe!" Uwanja hoi kwa kicheko. Nusu yao wanajua sababu. Baba mkwe anapiga makofi kuliko wote, kofia imemwendea upande.

Bwana Leonadi hacheki. Sauti unayo, kasema, lakini mtu wa Tabora ana redio tu, hakuoni wewe wala huyo Bwana Miguu. Kipindi cha pili nataka jina, ama naizima mashine.

Mzee kanitumia kahawa kwa muuza kahawa, kisha kaninyanyulia mkono.

Wanarudi. Kilwa wanaanza. Mpira katikati, na nani kausimamia? Yeye.

Kudra.

Nimeliandika jina lake! Na dunia ipo palepale. Refa kaweka filimbi mdomoni. Mzee kasogeza kiti karibu zaidi. Bwana Leonadi ananinyooshea kidole, haya, sema —